Okidi zinapukutisha majani na maua ndani ya presi: tunakosea wapi?

Mwana_Bondwa

Wakuu, habari za kazi. Mwezi ujao kikundi chetu kinaingia Uluguru upande wa Kinole kwa siku 14, kukusanya sampuli za okidi kwa ajili ya herbaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa). Vibali vya COSTECH (tume ya sayansi) na TFS (wakala wa misitu) vimeshatoka. Mimea mingine inakauka vizuri tu, kazi iko kwenye okidi. Safari iliyopita Polystachya na Bulbophyllum zilikaa kwenye presi (fremu ya kubania mimea ikauke) wiki tatu na bado zilikuwa mbichi. Majani yakaachia moja moja, maua yakadondoka yote, tukabaki na vijiti kwenye gazeti. Calanthe nayo ilitoka nyeusi kama imechovywa kwenye wino.

Presi ni ya mbao, magazeti tunabadilisha kila baada ya siku mbili, na jua la huko ni la kubahatisha. Tunakosea wapi? Je, maua yaliyobanwa yanatosha au lazima mengine yawekwe kwenye spiriti, na hiyo spiriti inachanganywaje? Halafu nyingi ziko juu mita 20 na zaidi, na hatuna mpandaji. Mnazifikiaje bila kuangusha mti?

Fundi_wa_Presi

Mkuu, mmezibana zikiwa hai, na zimeendelea kuishi humo humo ndani ya presi. Kile kivimbe cha shina cha Bulbophyllum ni ghala la maji, na jani lake lina ngozi ya nta ambayo maji hayapiti kirahisi. Mmea unakula akiba yake wiki nzima, wiki ya pili, na ukiona hali ni ngumu unafanya kile ambacho mti hufanya kiangazi: unajikata majani na maua kwenye maungio. Kwa hiyo uueni mmea kwanza, ndipo mubane.

Chemsha maji kwenye sufuria pana. Shika mmea kwa shina la maua, chovya majani sekunde 20 hadi 30, na vivimbe vikae kama dakika moja. Maua yasiguse maji hata kidogo, yanageuka uji. Jani likitoka lina rangi iliyofifia na limelegea, basi limekufa. Lifute maji kwa kitambaa kabla ya kuliweka kwenye gazeti. Kama hakuna moto, paka spiriti pande zote mbili za jani kwa brashi na rudia mara mbili.

Kivimbe kinene kuliko kidole kipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini, uchote nyama ya ndani, ubaki na nusu yenye ngozi na umbo lake. Usikikate kwa upana, maana atakayekuja kukisoma anahitaji kuona pingili ziko ngapi na jani linatokea wapi. Mizizi ya okidi za juu ya miti pia ni minene. Acha michache, ioshe udongo, uitandaze.

Siku mbili kabla ya kubadilisha karatasi ni nyingi mno kwa msitu ule. Siku tatu za mwanzo badilisha kila siku, hasa ile ya kwanza, ukishapita muda wa saa 12 hivi tangu kubana, maana ndiyo maji mengi yanatoka. Lakini ua lenyewe usilinyanyue. Lilaze tangu mwanzo kati ya vipande viwili vya karatasi laini ya chooni, halafu kila siku unahamisha sandwichi hiyo nzima. Maua mengi yanachanika siku ya pili kwa sababu mtu amebandua petali iliyoshikana na gazeti.

Kuhusu joto, weka kati ya kila sampuli mbili kipande cha katoni yenye mifereji, na mifereji yote ielekee upande mmoja ili hewa ya moto ipite. Presi isimamishwe kwa ubavu juu ya jiko la mafuta ya taa, kama sm 60 kutoka kwenye moto, na pembeni uzungushie turubai hadi chini ili joto lisipotee. Lisizidi nyuzi 45 au 50. Ukiweka mkono wako juu ya presi na huwezi kuuacha hapo, ni kali mno, sampuli itapikwa na kuvunjika kama chapati kavu. Kaza mikanda kila asubuhi kwa sababu mimea inasinyaa, na presi iliyolegea hutoa majani yaliyojikunja. Mkaa nao unafaa ila usiuwashe ndani ya kibanda mnacholala, ile hewa yake inaua kimya kimya.

Hesabu magazeti mapema. Mkikusanya namba 12 kwa siku (kila mkusanyo una namba yake ya daftari), nakala tatu kila namba, siku 14 ni karatasi 504 za kubebea sampuli peke yake, kabla hata ya zile za kubadilishia.

Calanthe isikutie wasiwasi. Weusi ule wa bluu si kuoza. Calanthe ina kemikali ya jamii ya nili ndani yake, na seli zikivunjika inageuka rangi. Hata ukiikausha kwa ustadi wote itatoka hivyo. Ndiyo sababu rangi ya ua iandikwe likiwa bichi mkononi.

Bi_Lebo

Naongezea kwenye swali la spiriti, na nasema hili kwa msisitizo: okidi bila ua kwenye chupa ni nusu ya sampuli. Utambuzi wake uko kwenye mdomo wa ua (ile petali moja iliyo tofauti na nyingine), kile kiguzo cha katikati, vifurushi vya chavua na namna vinavyonata. Vyote hivyo vina umbo la pande tatu, na presi inavifanya kuwa bamba. Unaweza kuchemsha ua kavu likalainika, lakini la Bulbophyllum lenye mm 4 likishabanwa mara nyingi halirudi.

Mchanganyiko wa kambini ni huu: alkoholi asilimia 70, maji 28, glisirini 2. Ukiwa na alkoholi ya asilimia 96, pima ml 730, weka glisirini ml 20, jazia maji safi hadi lita moja. Glisirini inalifanya ua libaki laini hata kama chupa itakauka miaka ijayo. Kew (bustani ya mimea ya London) wana wao wenye formalini: spiriti 53, maji 37, formalini 5, glisirini 5. Unashika umbo vizuri, ila formalini ni sumu kwa macho na mapafu na inaharibu vinasaba. Kambini iacheni.

Spiriti ya dukani ijaribuni kwanza. Mimina kidogo kwenye glasi, ongeza maji. Ikigeuka kama maziwa, ina mchanganyiko mwingine ndani na itaacha utando kwenye maua.

Chupa iwe ya mdomo mpana, ml 30 hadi 60, na ijazwe mpaka juu kabisa. Chupa yenye hewa inatikisika njiani na ua linagongwa gongwa mpaka vifurushi vya chavua vinatoka. Weka maua matatu hadi matano pamoja na tumba moja, yaani ua lisilofunguka. Lebo iingie ndani ya chupa, kwenye karatasi ngumu, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka, na chupa isiyo na namba haina maana tena.

Kabla ya kuliweka ua kwenye chupa, pima mkia wake, yaani ule mrija wa nekta unaoning'inia nyuma. Aerangis kotschyana mkia wake unaweza kuzidi sm 20, tena umejisokota, na hauingii kwenye chupa yako bila kukunjwa. Pima ukiwa umenyooka, andika pia nekta imejaa hadi wapi kama unaiona kwa kuinua ua kwenye mwanga. Huo ni urefu wa ulimi wa mdudu anayeihudumia. Charles Darwin alipima mkia wa Angraecum sesquipedale ya Madagaska, kama sm 30, akasema mwaka 1862 kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Nondo huyo alikuja kuelezwa mwaka 1903.

Daftari lenu liwe na vitu hivi kwa kila namba: mti gani umebeba okidi, gome ni la nyufa au laini, urefu kutoka chini, shinani au tawini, kivuli au mwanga, mwinuko, GPS, rangi ya kila sehemu ya ua (msiandike "jeupe" mkaishia hapo, mdomo una madoa? mkia ni wa kijani?), na harufu. Harufu inuseni mara mbili. Okidi nyeupe za mikia mirefu mchana hazinuki chochote, lakini saa mbili usiku kambi nzima inaisikia.

Mwana_Bondwa

Asanteni sana, hapa nimeshaona makosa matatu. Swali dogo: siku tano za katikati tutakuwa juu kabisa bila jiko la kukaushia, mzigo hautaruhusu. Magazeti yatalowa tu. Tufanyeje?

Bi_Lebo

Tumieni njia iliyobeba jina la Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea. Sampuli inaingia kwenye gazeti kama kawaida, magazeti yanafungwa bunda kwa kamba, bunda linaingia kwenye mfuko mzito wa plastiki, kisha unamimina spiriti ya asilimia 60 hadi 70 mpaka magazeti yote yalowe, bila kuelea. Toa hewa, funga, weka ndani ya mfuko wa pili. Inakaa wiki kadhaa bila kuoza, na faida kwa okidi ni kwamba spiriti inaiua, hivyo haipukutishi. Mkishuka mnafungua na kukausha kwenye presi.

Hasara yake ni mbili. Rangi yote inapotea, na vinasaba vinaharibika. Kwa hiyo kabla ya kumwaga spiriti, kata kipande cha jani cha ukubwa wa stempu, kichanechane, kiweke kwenye mfuko wa chai mtupu ndani ya silika jeli (punje zinazonyonya unyevu), uzito wa silika uwe mara kumi ya jani. Jani la okidi lina maji mengi, hivyo zile punje za rangi zikibadilika kesho yake, badilisha silika yote. Jani likivunjika kwa kidole limekauka. Likipinda, bado.

Tawi_Lililoanguka

Nijibu hili la kupanda. Anzeni chini. Baada ya usiku wa upepo pita njia ileile asubuhi mkiangalia matawi yaliyoanguka, na mkikuta mkulo au mnyasa mkubwa umelala, maliza nusu siku kwenye kilele chake. Okidi za juu kabisa, ambazo mpandaji angezifikia kwa kamba, ziko hapo usawa wa goti. Tawi lililoanguka zamani halifai sana, mwanga wa chini hautoshi na maua hayatoki.

Pili, nendeni kwenye migongo ya milima. Kadiri mwinuko unavyozidi miti inakuwa mifupi, ina ukungu na kuvumwani, na jamii zilezile zilizokuwa mita 20 juu bondeni mnazikuta usawa wa macho. Darubini ya 8x42 iwe shingoni muda wote. Miti mikubwa iliyoachwa mashambani pembezoni mwa msitu nayo ina okidi nyingi, ila ombeni ruhusa kwa mwenye shamba.

Kwa tawi la mita 6 hadi 8, tumieni mkasi wa miti wenye mpini wa kuunganisha. Mmoja akate, mwingine ashike turubai pembeni, na asiwepo mtu chini ya tawi kavu.

Kiasi: mkihesabu mimea 20 chukueni mmoja. Chini ya hapo piga picha, chukua ua moja la chupa na kipande cha silika, mmea ubaki. Kwenye kichaka kimoja acha zaidi ya nusu. Kwa mmea usio na ua, kama kibali kinaruhusu kuchukua ulio hai, vivimbe viwili au vitatu vyenye mizizi vifungwe kwenye gome na kukuzwa kivulini hadi vitoe maua, kwa namba ileile ya daftari. Kuangusha mti kwa ajili ya okidi kulishafanyika Colombia karne ya 19, wawindaji wa soko la Ulaya walikata miti kwa maelfu ili kupata Odontoglossum. 

Kipengere_Juu

Mkifika Lukwangule, uwanda wa juu wa Uluguru, mtatoka msituni na kuingia kwenye nyasi, na huko okidi ni za ardhini: Disa, Satyrium, Habenaria. Taratibu zinabadilika. Chimbeni kwa kijiti kirefu, sm 15 pembeni mwa shina, mnyanyue udongo wote kwa pamoja. Ukivuta shina linakatika na viazi vinabaki chini. Kwa kawaida viazi ni viwili, kimoja kilichosinyaa cha mwaka huu na kingine kigumu cha mwakani. Kwa namba moja chimba mmea mmoja tu wenye viazi, nakala nyingine zikatwe juu ya ardhi. Viazi navyo vipasuliwe na kuchemshwa kama alivyosema Fundi.

Jambo lililo kubwa zaidi ni GPS. Viazi vya okidi hizi ndivyo vinavyopikwa chakula kiitwacho chikanda huko Zambia, vinasagwa na kuchanganywa na karanga, na biashara yake imemaliza mabonde mengi ya Nyanda za Juu Kusini. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, na bado wachimbaji wanaizunguka. Nukta kamili iandikwe kwenye daftari na kwenye lebo ya herbaria. Kwenye mtandao, kwenye kundi la WhatsApp na kwenye picha, weka jina la wilaya basi. Zimeni pia GPS ya kamera ya simu kabla ya kupiga, kwa sababu picha inabeba nukta ndani yake hata kama hukuandika.

Nakala za nje ya nchi msizibebe wenyewe mkononi. Okidi zote ziko chini ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini), hata zilizokauka, hata ua moja kwenye chupa. Ziingie kwanza Herbaria ya Taifa Arusha au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zipewe namba, na taasisi yenyewe ndiyo izitume kwa taasisi nyingine iliyosajiliwa.