Wavuvi wote wanajibu "Ukerewe": nakosea wapi?

Nahoji wavuvi katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuhusu watu wao wa karibu. Nikiuliza ndugu wako wapi, jibu ni kisiwa cha Ukerewe tu.

— Swali lako linaita asili ya ukoo. Anza na majina: "Ulipofika, nani alikutafutia chumba? Mara ya mwisho ulikopa kwa nani?" Kisha kwa kila jina andika anapolala sasa, kata na wilaya. Usiulize "kwao".

— Uliza pia mwaka aliohama. Na nenda siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa hiyo hapo ndipo wana muda.

— Umbali upime kwa saa na nauli. Nansio, mji wa Ukerewe, unafikiwa kwa meli. Sengerema imesogea karibu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025.