Naomba ushauri: mashindano ya walleye, tupime uzito au urefu?

Habarini wanakundi, wakubwa shikamooni. Niko Minnesota, Marekani, ambako walleye ndiye samaki wa jimbo, yule ambaye macho yake yakipigwa na tochi usiku hung'aa kama ya paka. Mimi na wenzangu huandaa mashindano madogo ya boti 14, nami pia hushindana.

Mwaka jana tulifanya Julai, tukapima kwa mizani gatini. Samaki walikaa kwenye matangi ya boti tangu asubuhi, maji yakapata joto. Tulijaribu barafu, lakini wengi walielea tumbo juu tulipowarudisha ziwani. Aibu tupu. Waliovuliwa kina kirefu, zaidi ya mita 9, ndio walioumia zaidi.

Sasa tunafikiria kupima urefu kwenye ubao, kupiga picha na kumwachia samaki palepale. Ila wapo wanaong'ang'ania mizani, eti picha ina ujanja. Kana kwamba mizani haina! Kwenye mashindano ya Cleveland mwaka 2022, walleye walipasuliwa wakakutwa na chubwi (vyuma vizito vya kuzamishia ndoano) tumboni, walizotiwa ili uzito uongezeke.

Waliowahi kutumia picha: mlizuiaje picha moja kuletwa mara mbili? Na je, nisogeze siku hadi Septemba maji yapoe?