Mrejesho: Kampuni ya filamu kwa kamera moja ya mtumba

Wakuu, mwaka jana niliwauliza: tuko watatu, kamera moja ya mtumba, tusajili jina la biashara au kampuni kabisa? Wengi mlisema kampuni. Tukasajili BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni), hisa tukagawana sawa kwa sawa, na ule ugomvi wa nani bosi ukaishia hapo. Kinachotulisha ni harusi na sendofu za Jumamosi. Hela hiyo ndiyo imerekodi filamu yetu fupi. Kibali cha Bodi ya Filamu tulichukua mapema. Kilichotuumiza ni sauti: mhusika analia msibani, nyuma bodaboda inanguruma! Nusu tumerudia. Msambazaji mmoja alitaka haki zote kwa malipo ya mara moja, tukamkatalia. Sasa tunahariri, tujaribu kuipeleka ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar.