Kadi ya amana, kadi ya shemeji au mkopo wa gari: muuguzi anayehamia Minnesota aanze na ipi?

nesi_wa_nyalenda (Kisumu)

Hamjambo nyote. Viza yangu imetoka, ile ya kazi inayokuja na kadi ya kijani, na hospitali iliyoniajiri iko Minnesota. Naenda na mume wangu na watoto. Kinachoninyima usingizi ni habari ya alama za mikopo, ile namba inayowaonyesha wakopeshaji jinsi unavyolipa madeni. Walioko kule wananiambia bila alama hizo kupata nyumba ni shida, na gari utalipia riba ya kuumiza.

Hapa nyumbani sina doa. Niko kwenye Sacco tangu nianze kazi, na sijawahi kuwekwa CRB, kule wanakoandikwa wasiolipa madeni.

Nimeshauriwa mambo manne. Shemeji yangu, kaka ya mume wangu, yuko huko miaka mingi na amesema ataniongeza kwenye kadi yake ya mkopo. Mwenzangu wa wodini aliyetangulia anasema niweke dola 200 benki nipewe kadi yangu mwenyewe. Mwingine ananiambia kuna mkopo mdogo wa kujenga rekodi. Halafu kuna muuza magari ameshaanza kunitumia picha kwa WhatsApp, anasema mkopo wa gari ndio unaojenga jina haraka. Nianze na ipi? Na rekodi yangu ya Kenya itanifaa huko?

jabondo (Texas)

Hongera dada. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalowachanganya wengi. TransUnion, kampuni inayotunza rekodi za mikopo, iko Kenya na iko Marekani, lakini faili lako la Kenya halikufuati. Ukitua pale wewe huna alama mbaya wala nzuri, huna faili kabisa. Alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi wa huku hutumia, zinaanzia 300 hadi 850, na hazitolewi mpaka uwe na akaunti moja ya mkopo iliyofikisha miezi sita. Miezi hiyo huwezi kuinunua kwa pesa yoyote, kwa hiyo chochote utakachochagua, kianze mapema.

Mimi nakushauri kadi ya amana. Unaweka dola 200 (kwa kiwango cha shilingi 129 hivi ni karibu 26,000), benki inazishika, nawe unapewa kadi yenye kikomo cha dola 200. Si pesa zako unazotumia. Unakopa, kisha unalipa, na amana inabaki pale kama dhamana. Ukilipa vizuri kwa muda, benki nyingi hurudisha amana na kukupandishia kikomo. Kabla ya kuomba, uliza maswali mawili tu: je, mnaripoti kwa kampuni za rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu? Je, kuna ada ya mwaka? Kama hawaripoti kote, au ada inakula amana yako, tafuta benki nyingine.

Sasa matumizi. Asilimia 35 ya alama za FICO ni kulipa kwa wakati, na 30 ni kiasi unachodaiwa ukilinganisha na kikomo chako. Kikomo cha 200 kinajaa upesi sana, ukinunua chakula cha familia mara moja kimekwisha. Weka mafuta ya gari peke yake kwenye hiyo kadi. Taarifa ya mwezi ikitoka ikute deni la dola 20 au 30, kisha ulipe lote, si kile kiwango cha chini wanachokuandikia. Agiza benki ikate yenyewe kila mwezi. Kazi ya zamu itakusahaulisha tarehe, na malipo yakichelewa siku 30 yanaripotiwa na doa hilo linakaa miaka 7.

Jambo jingine: usitume pesa nyumbani kwa kadi hiyo. Benki nyingi zinahesabu kwamba umetoa pesa taslimu, kwa hiyo unatozwa ada na riba inaanza siku hiyo hiyo. Pesa za M-Pesa ya mama zitoke kwenye akaunti ya mshahara.

mama_tuli (Nakuru, zamani Minneapolis)

Nakubaliana na jabondo kuhusu kadi, ila usiiweke kando ile ya shemeji kabla hujaipima. Akikuongeza, mara nyingi historia ya kadi yake inaonekana kwenye faili lako. Kama ameishika miaka kumi na hajawahi kuchelewa, utapanda haraka kuliko kwa kadi yako peke yako. Wala hulazimiki kisheria kulipa deni lake.

Shida iko kwingine. Kadi yake ikiwa imejaa mpaka ukingoni, wewe nawe unaonekana umejaa. Akichelewa, doa linaweza kukufikia. Na je, utamuuliza vipi shemeji anadaiwa kiasi gani? Kwetu mtu aliyekupokea uwanja wa ndege, akakulaza kwake, hukai naye mezani ukamhoji madeni yake. Nimeona nyumba mbili za ndugu ambazo hazisemezani kwa sababu ya kadi moja. Mume wako ndiye wa kumuuliza, tena kabla hamjafika, kwa simu, kwa upole: kadi ina umri gani, na je, huwa analipa yote kila mwezi? Akijibu waziwazi, mkubalie. Akizungukazunguka, mshukuru na mwache. Hata mkikubaliana, wala huhitaji ile kadi mkononi. Yatosha jina lako kuwa kwenye akaunti.

omwana_wa_bungoma (Ohio)

Mimi nitawapinga kidogo. Huu mkopo wa kujenga rekodi mmeupita mbio. Ukienda chama cha akiba na mikopo cha kule, ambacho ndugu yake ni Sacco zetu, wanakuandikia mkopo wa, tuseme, dola 600, lakini pesa hupewi. Zinafungiwa kwenye akaunti. Unalipa dola 50 na riba kidogo kila mwezi, na mwaka ukiisha unakabidhiwa 600 zako. Kila malipo yanaripotiwa. Kwa mtu ambaye kadi ikiwa mfukoni hatulii, huu ni salama zaidi. Isitoshe unamaliza mwaka ukiwa na akiba.

jabondo (Texas)

Kweli kabisa kaka, ila unalipa riba kwa pesa ambayo hujaishika. Kadi ukilipa yote kila mwezi hulipi riba hata senti. Kuwa na aina mbalimbali za mikopo ni asilimia 10 tu ya alama. Kwa mtu mwenye mshahara wa uuguzi na nidhamu ya Sacco, mimi ningeufanya wa pili, baada ya miezi kadhaa.

omwana_wa_bungoma (Ohio)

Hapo sawa. Lakini asiufanye kama hana hakika atabaki kwenye mkataba huo wa kazi. Ukikatiza njiani, umepoteza faida kubwa.

fundi_hesabu (Kisumu)

Hebu tuliangalie hilo gari kwa namba, kwa sababu ndiko watu wetu wanakoumia. Tuseme gari ni dola 12,000, mkopo wa miezi 60. Mtu asiye na faili akipewa riba ya asilimia 20, atalipa kama dola 318 kwa mwezi. Jumla ni zaidi ya 19,000. Mwenye alama nzuri akipata asilimia 7, analipa kama 238, jumla 14,260 hivi. Tofauti inakaribia dola 4,800, gari ni lile lile! Tena gari la mkopo lazima ulikatie bima kubwa, si ile ya chini kabisa inayotakiwa na sheria.

Kwa hiyo huyo wa picha za WhatsApp hakudanganyi kwamba mkopo wa gari unajenga rekodi. Anachokuficha ni bei ya kuijenga hivyo. Kama mnaweza, nunueni gari dogo la pesa taslimu, au muombe lifti za zamu mwanzoni. Minnesota ina baridi kali, najua kungoja basi Januari si mchezo, lakini miezi hiyo michache inawaokolea ada ya shule ya mtoto hapa nyumbani.

afisa_mikopo_kk (Kakamega)

Nafanya kazi kwenye Sacco, niruhusuni nirudishe mazungumzo nyumbani. Dada, umesema uko kwenye Sacco. Una mkopo unaoendelea? Kama unao, wadhamini wako ni wenzako wa kazi, na akiba zao zimefungwa kwa jina lako. Ukiondoka mshahara wako wa hapa unakatika, na makato yanakatika nao. Baada ya muda sisi tunalazimika kugusa akiba za wadhamini. Nimemwona mwalimu karibu kustaafu akija kaunta kuuliza akiba yake imekwenda wapi, na mkopaji yuko ng'ambo na simu haipokelewi. Inauma sana, na haikuwa lazima.

Nenda ofisi ya Sacco yako kabla ya kusafiri. Lipa mkopo wote kama unaweza, au muandikiane utaratibu mpya wa kulipa kutoka akaunti ya benki. Maliza pia Fuliza na mikopo ya simu, hata ile midogo. Chukua ripoti yako ya CRB: Metropol, TransUnion na Creditinfo wanatakiwa kukupa moja bure kila mwaka. Doa la Kenya halitakufuata Minnesota, lakini siku utakapotaka mkopo wa kujenga hapa Kisumu, benki italiona. Ukishalipa deni lililoharibika bado rekodi yake inakaa miaka mitano.

wa_milimani (Kisumu)

Samahani kuingilia, mimi naenda Leeds, Uingereza. Haya yote yananihusu?

dada_wa_leeds (Leeds)

Kwa sehemu tu. Kulipa kwa wakati ni vile vile, lakini huku kila shirika la rekodi za mikopo lina kipimo chake, kwa hiyo usitafute namba moja. Jambo kubwa kwetu Wakenya ni hili: sisi ni wa Jumuiya ya Madola, na ukiwa na kibali halali cha kukaa unaweza kujiandikisha kupiga kura. Fanya hivyo ukishapata anwani. Wakopeshaji hutumia orodha ile kuthibitisha kwamba unaishi unakosema. Halafu chukua laini ya simu ya kulipia kila mwezi kwa jina lako.

mama_tuli (Nakuru, zamani Minneapolis)

Nesi, hiyo ya kura isikuhusu kabisa! Marekani mwenye kadi ya kijani haruhusiwi kupiga kura za kitaifa, na kujiandikisha ukidai wewe ni raia kunaweza kukufukuzisha nchini. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, soma fomu vizuri kabla ya kutia sahihi.

Na akitokea mtu wa kukuuzia namba nyingine ya kutumia badala ya ile ya Social Security, namba ya utambulisho unayopewa na serikali ya Marekani, kimbia. Huo ni uhalifu.

nesi_wa_nyalenda (Kisumu)

Asanteni sana, ero kamano. Mkopo wa Sacco ninao, na wadhamini ni wenzangu wawili wa zamu. Naanza na huo, kabla hata ya tiketi. Kadi ya amana nitaiomba mara nikipata namba ya Social Security. Ya shemeji, mume wangu amekubali kumpigia. Swali la mwisho: hiyo namba inachukua muda gani? Na majina yangu ni matatu, pasipoti imeyaandika yote.

jabondo (Texas)

Kwenye fomu ya DS-260, ile ya kuomba viza, kuna swali kama unataka upewe hiyo namba. Kama ulijibu ndiyo, kadi inakuja kwa posta kwenye anwani uliyoandika, kwa kawaida ndani ya wiki chache baada ya kuingia. Kama ulijibu hapana, nenda ofisi yao na pasipoti. Hakikisha jina lenu liko kwenye sanduku la barua la nyumbani kwa shemeji.

Majina yaandike kila mahali vile vile yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule: benki, kazini, kwa mwenye nyumba. Ukiacha la katikati hapa na kulitanguliza pale, rekodi zako zinaweza kugawanyika mafaili mawili, na kuyaunganisha ni barua na simu za miezi.

afisa_mikopo_kk (Kakamega)

Kuhusu wadhamini, usiseme nao kwa mdomo tu. Sacco yako ikishapokea malipo ya mwisho, omba barua ya kumaliza mkopo na nakala mbili, na kila mdhamini umpe yake mkononi.