Karatasi tatu za mlo kabla na baada ya operesheni ya kupunguza uzito, zote zinapingana. Nifuate ipi?

Mama wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Nina miaka 41, kilo 124, kisukari aina ya pili, na magoti yameanza kugoma. Baada ya kuhangaika na kila aina ya diet, mimi na mzee mwenzangu tumeamua nikapunguzwe tumbo la chakula, ile operesheni wanayoondoa sehemu kubwa na kubakiza kama kibomba. Naenda Chennai mwezi ujao.

Kinachonivuruga ni msosi. Hospitali wamenitumia karatasi: wiki mbili kabla nile protini na mboga tu, nisiguse wali, ugali, chapati, viazi wala juisi. Dada yangu yupo Leicester, yeye alifanyiwa baipasi (ile wanayotengeneza kijitumbo kidogo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo), na karatasi yake ilimwambia kabla anywe maziwa na mtindi, basi. Shoga yangu aliyewekewa puto ndani ya tumbo la chakula hapa hapa Dar anasema hakukatazwa kitu cha maana.

Halafu karatasi yangu yenyewe inajipinga. Kabla, juisi ni haramu. Baada, naruhusiwa juisi ya tufaha iliyozimuliwa na maji. Kabla, mchicha na matango nile nitakavyo. Baada, mboga mbichi marufuku. Na mama kashapanga kuja kunipikia mtori kama mzazi. Waliopitia naombeni mwongozo.

Kijana wa Kijiweni

Dada, hela ya tiketi ya India nunua raba ukimbie. Ukifunga mdomo saa kumi na mbili jioni hupungui kweli? Watu wanapenda njia za mkato.

Nesi wa Zamu

Kijana, mtu mwenye kilo 124 na magoti mabovu unamwambia akimbie, kesho utamchangia ya kubadilisha goti? Tumwache.

Dada, nimekaa wodi ya upasuaji muda mrefu, ngoja nikueleze. Mlo wa kabla lengo lake kubwa ni kupunguza ini. Kilo zitakazokutoka wiki hizo ni nyongeza tu. Mtu mwenye uzito mkubwa, hasa akiwa na kisukari, ini lake mara nyingi limejaa mafuta na limevimba, na upande wake wa kushoto umelalia tumbo la chakula, palepale daktari anapotaka kufanyia kazi. Operesheni inapita kwenye matundu madogo, kwa hiyo ini linanyanyuliwa kwa chuma na kushikiliwa muda wote. Likiwa zito linaziba njia, na likichubuka linatoa damu. Kuna wagonjwa wameshalazwa nusu kaputi, daktari akaingiza kamera, akaona ini lilivyo, akaahirisha.

Ukikata wanga, mwili unakula akiba ya sukari iliyo ndani ya ini. Akiba hiyo inashika maji, kila gramu yake inabeba kama gramu tatu za maji, kwa hiyo ini linasinyaa haraka. Ukienda kwenye harusi katikati ya wiki ya pili ukala pilau, akiba inaanza kujaa upya.

Sasa kufika huko njia ni nyingi. Wengi wanalenga kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo, protini ya kutosha. Lita moja na robo tatu hivi ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta ina kalori 800 na kitu na protini gramu kama 60, ndiyo hesabu ya Leicester. Chennai wanafika kulekule kwa mayai, dengu na mboga. Wengine wanakupa unga wa kukoroga. Kuna wanaodai wiki moja, kuna wiki mbili, na wenye uzito mkubwa kupita kiasi wanaweza kupewa hadi nne. Hakuna aliyekosea hapo. Hatari ni kuchanganya: unakunywa maziwa ya dada yako halafu unaongeza kuku wa Chennai, kalori zimeshapita na ini liko vilevile.

Puto usilitie kwenye hesabu kabisa. Linapitishwa mdomoni, hakuna kinachokatwa, hakuna ini la kunyanyua, na baadaye linatolewa. Shoga yako ana mambo yake.

Baada ya operesheni, kinacholindwa ni mshono. Wanaondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, na ukingo wote unafungwa kwa pini ndogo ndogo. Kitu kigumu, au hata laini ukijaza, kinasukuma pale kabla hapajashika. Juisi iliyozimuliwa siku za mwanzo ni ya kukupa maji mwilini tu, inapita bila kusumbua. Matango kabla yalikuwa mazuri kwa sababu yanakushibisha bila wanga. Baada ya hapo nyuzi zake ndizo tatizo.

Kwa kawaida siku moja mbili ni vimiminika vyepesi vinavyopitisha mwanga, kisha maziwa, mtindi na supu iliyochujwa mpaka wiki ya pili iishe. Vya kusaga wiki ya tatu na ya nne, laini ya tano na ya sita, halafu unarudi taratibu kwenye vya kawaida. Kuna hospitali zinakwenda haraka kuliko hivyo. Fuata waliokukata, kwa sababu wao ndio wanajua walifunga vipi.

Mama wa Tabata

Nesi Mungu akubariki, hii ya ini hakuna aliyeniambia. Basi nitaanza jumatatu. Dawa zangu naendelea nazo kama kawaida? Natumia metformin na glibenclamide asubuhi.

Nesi wa Zamu

Simama hapo hapo. USIANZE jumatatu kabla hujaongea na daktari wako wa kisukari. Glibenclamide inalazimisha kongosho litoe insulini hata kama hujala wanga. Ukishuka ghafla mpaka kalori 800 na kidonge kipo palepale, sukari itaanguka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mara nyingi inapunguzwa au inasimamishwa kipindi hicho, na anayeamua ni daktari. Wanaochoma insulini ni hivyo hivyo. Metformin peke yake haina tabia hiyo. Na kuna vidonge vipya vinavyotoa sukari kwa mkojo, kama dapagliflozin na empagliflozin. Hivyo husimamishwa siku chache kabla ya operesheni, maana ukiwa na njaa vinaweza kujaza asidi kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonyesha kawaida. Presha nayo ipimwe, huwa inashuka.

Hili ni kubwa kuliko hiyo mijadala ya maziwa na dengu. Karatasi za mlo mara nyingi haziandiki dawa, kwa sababu aliyeiandika hajui unatumia nini. Pima sukari kila siku kipindi hicho.

Mpemba wa Ruwi

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, nilifanyiwa hiyo hiyo ya kibomba. Huku imeenea sana, kila nyumba utamkuta mtu. Karatasi yangu mie ilijaa laban (maziwa ya mgando) na supu ya adesi (dengu) iliyochujwa, na kuku wa kusaga, wala siyo ya huko Chennai wala ya huko Uingereza. Kila nchi huandika kwa kile kilichopo jikoni mwao. Nesi kasema kweli.

Nnachotaka kumuonya mwenzangu ni maji. Kabla, ulikuwa wapiga glasi nzima mara moja. Baada, ni fundo, fundo, kutwa, mpaka ufike lita moja na nusu. Na usinywe pamoja na chakula. Ukila, ngoja nusu saa ndipo unywe. Sisi watu wa pwani tumezowea kushushia, na hilo ndilo gumu kuliko njaa, wallahi. Njaa yenyewe miezi ya mwanzo huioni.

Na Ramadhani ikikukuta miezi hiyo usifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake na atalipa baadae. Maji ya siku nzima huwezi kuyapata baina ya magharibi na alfajiri kwa tumbo hilo. Daktari wangu alinizuia mpaka mwaka upite.

Mpishi wa Moshono

Ngoja niingie kwenye mtori maana ni kwetu. Mtori wa mzazi ni ndizi nyingi, nyama kidogo, siagi juu. Kwa mzazi sawa, anahitaji nguvu. Kwa dada huyu ni wanga uliopondwa, na tumbo lake litabeba vijiko vichache tu, kwa hiyo nafasi yote inaliwa na ndizi. Mama asikatwe moyo. Ageuze vipimo: nyama laini iwe nyingi, ichemke mpaka iachane, isagwe kwenye blenda na supu yake, ndizi moja ya kuipa uzito, siagi aweke mbali. Na isubiri hatua ya vya kusaga, si wiki ya kwanza.

Uji vilevile. Uji wa sembe ni wanga, hata ukiwa mwepesi. Hiyo ya lishe nayo soma pakiti, nyingi ni mahindi na ulezi kwa wingi na soya kwa jina. Supu ya kongoro watu wanaisifu, lakini ule mnato wake ni protini hafifu, na mafuta yake yatamkoroga. Bora mchuzi wa samaki mweupe, changu au sato, ukachujwa kwanza, baadaye nyama yake ikapondwa. Dagaa wakavu wasagwe kuwa unga, wachekechwe miiba, kijiko kimoja kwenye supu.

Hesabu mnayopaswa kuijua: wanataka angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6. Mayai kumi kwa tumbo la vikombe vya kahawa? Haiwezekani. Ndiyo maana wanatoa unga wa protini, na ambaye hana aongeze unga wa maziwa usio na mafuta ndani ya maziwa ya kawaida. Protini iliwe kwanza, vingine vifuate kama nafasi ipo.

Mdau wa Nairobi

Mimi ni baipasi. Yaliyosemwa hapo juu ni sawa, ila kuna tofauti moja kati yangu na huyu dada: mimi nikila kitu chenye sukari nyingi kinakimbilia utumboni moja kwa moja, moyo unadunda, jasho, tumbo linauma, nalazimika kulala. Dada wa Leicester naye atakuambia hivyo. Wa kibomba inawapata pia, lakini si kwa kiwango chetu.

Vitamini ni za maisha yote: ya jumla, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Kalsiamu na chuma usimeze pamoja, zinagombana, ziachane saa mbili. Tafuta kalsiamu ya sitrati, hiyo ya kawaida ya kabonati inahitaji asidi ya tumbo ambayo sisi hatuna tena ya kutosha. Na achana na diclofenac na ibuprofen mpaka daktari akwambie, zinachimba vidonda. Hapa kwetu ukisema mgongo unauma, diclofenac ndiyo ya kwanza kupewa, kwa hiyo sema mapema kwamba umefanyiwa operesheni.

Swali langu kwako, Mama wa Tabata: ukirudi Dar nani atakuona? Muulize daktari wa Chennai akupe ripoti ya operesheni mkononi, siyo risiti tu. Ukipata homa, mapigo ya moyo ya haraka, maumivu ya tumbo yanayopanda mpaka begani, huo unaweza kuwa mshono unaovuja, usiupe muda. Na ukitapika mfululizo siku kadhaa, nenda hospitali uwaambie waziwazi umefanyiwa operesheni hii, wakupe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Akiba yake huisha upesi, na ikiisha inaharibu ubongo.

Mama wa Tabata

Nimerudi. Daktari wa kisukari amesimamisha glibenclamide kuanzia siku ya kwanza ya mlo, metformin inaendelea, nipime asubuhi na jioni. Mtaalamu wa lishe wa Chennai nimempata kwa simu. Nimemuuliza kama badala ya paneer (jibini la Kihindi) naweza kuweka maharage ya kuchemsha, akasema kabla yawe kidogo kwa sababu yana wanga, niweke samaki au mayai. Kuhusu ripoti, wanaitoa siku ya kuruhusiwa, na kuna daktari wa upasuaji hapa Dar amekubali kunipokea nikirudi. Mama nimempa mapishi ya Mpishi, ameguna.

Kichuna wa Mbezi

Samahani kuvamia uzi. Mimi nina 29, nimepanga hiyo hiyo mwakani, ila natafuta mtoto. Nianze na kipi?

Nesi wa Zamu

Ukitangulia operesheni, subiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, maana mwili bado unapungua na virutubisho ni vya kuhesabu. Uzito ukishuka mayai huamka, wengi wanashika mimba bila kutegemea. Vidonge vya uzazi wa mpango usivitegemee sana, hasa ukiwa wa baipasi au ukitapika. Uliza kitanzi au kipandikizi. Mengine fungua uzi wako, utaje na dawa zote unazotumia.