Ubepari ama ujamaa, gani inamjali mtu wa chini?

Kijana_wa_Kayole:
Wadau naomba mnijibu bila matusi. Hapa Nairobi landilodi akipandisha renti unalipa ama unahama, basi. Si afadhali mali iwe ya wote?

Mzee_Kariobangi:
Kijana, Tanzania walijaribu. Azimio la Arusha lilitoka 1967, mabenki yakataifishwa, halafu miaka ya sabini watu wengi wakahamishwa kwa nguvu waingie vijiji vya ujamaa. Kumtoa mtu kwa shamba lake na askari halafu uite hiyo undugu, mimi nakataa kabisa. Lakini Nyerere aliunganisha watu wake, hiyo simnyimi.

Mama_Mitumba:
Mzee hata sisi serikali iliandika waraka namba 10 wa 1965 ikajiita ya ujamaa wa Kiafrika, na mashamba mazuri bado yakaenda kwa wenye pesa. Mimi niko soko la Gikomba, beli ya mitumba tunanunua wanawake watatu, tunaifungua pamoja tunagawana kamera, zile nguo safi, na fagia, zile za mwisho, pia tunagawana, alafu kila mtu anaenda kuuza kwa kibanda chake na faida ni yake. Sasa hiyo mtaiita nini?

Dere_wa_Rongai:
Mama umeongea. Lakini kwa sacco yetu ya matatu kila gari inatoa pesa kila siku, na mkutano ukiitwa wanaopiga kura ni wenye magari, mimi na makanga tunaoamka saa kumi usiku hatuulizwi kitu. Hiyo inaniuma sana.

Kijana_wa_Kayole:
Na madere mkifungua sacco yenu?