AC ya chumbani Dodoma: inveta, ya kawaida, au feni ya maji?

Ilazo_Mpya: Wakuu, habari za jioni. Nataka kufunga AC chumbani kabla joto la Oktoba halijatukuta. Duka moja wananipa 1.5HP ya kawaida au ya inveta (ile inayojipunguza kasi yenyewe), inveta bei imechangamka. Duka la pili wanasema niachane na AC, kwa Dodoma feni ya maji inatosha. Nichukue ipi?

FundiBaridi: Mkuu, umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema ni dume au jike. Chumba futi ngapi? Kuna dari? Dirisha linapigwa na jua la jioni? Utalala nayo hadi asubuhi au unaiwasha masaa mawili? Nyumba yako au umepanga?

Mtumba_Kwetu: Feni ya maji, usipoteze hela. Mei hadi Novemba hewa yetu ni kavu, maji yanavukiza upesi na ubaridi unaupata kwa wati 100 hadi 200 tu. Ila acha dirisha wazi kidogo. Ukifungia chumba, unyevu unajaa na utatoka jasho.

Nzuguni_B: Na Januari hadi Machi je, mvua zikiwepo? Inapuliza unyevu tu. Halafu maji ya visima vya huku yana chumvi. Maji yanavukiza, chumvi inabaki: pedi zinaota magamba meupe, kapampu kanakwama. Dawa ni kumwaga tangi lote kila wiki, si kuongezea juu ya yaliyobaki. Siku za mgao wa maji utafanya hivyo?

Mtumba_Kwetu: Ndoo moja ya maji haimshindi mtu, Nzuguni_B.

Ilazo_Mpya: Futi 12 kwa 14, dari ya jipsam. Dirisha nadhani mashariki. Nimepanga.

FundiBaridi: "Nadhani"! Haya. Futi za mraba 168, zidisha kwa 60, unapata kama 10,000 BTU, hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza. Kwa hiyo 9,000 inatosha ukiweka pazia zito, na hiyo 1.5HP, yaani 12,000, imezidi kidogo. Inveta ikizidi haina shida, inajipunguza. Ya kawaida ikizidi itakuwa inazima na kuwaka usiku kucha. Kama ni masaa mawili ya jioni, chukua ya kawaida ya 9,000, tofauti ya bei ya inveta hairudi upesi.

Ila aina ya mashine ni nusu ya kazi. Nyingi zinauliwa siku ya kufungwa. Fundi anaunga mabomba, anafungua valvu kidogo, gesi inasukuma hewa nje, anakaza, anadai chake. Ndani pamebaki unyevu. Unyevu ukikutana na oili ya kompresa unatengeneza asidi, na asidi inakula waya za mota taratibu. Mwezi wa kwanza baridi safi kabisa. Kompresa ikifa baadaye, lawama zinaenda kwa TANESCO. Na kama gesi ni R32, hiyo inashika moto. Si ya kuachia hovyo.

Dai pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba, dakika 20 hadi 30, kisha afunge geji na kusubiri dakika 10 kuona kama mshale unarudi, maana ukirudi kuna mvujo. Angalizo: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo mshale wa geji ya kawaida utasimama karibu na inchi 26 (za zebaki), si 30 kama Dar. Fundi mgeni huku anaweza kutafuta mvujo usiokuwepo mpaka giza liingie.

Kisasa_Umeme: Naongezea upande wa umeme. Waya wa 2.5 mm kutoka kwenye breka yake pekee, ampea 16 au 20. Usiunge kwenye soketi ya pasi. Weka gadi (kifaa cha kulinda AC) inayochelewesha dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi: ya kawaida ikiwaka kompresa ikiwa bado na presha inakwama na kuvuta ampea nyingi, na inveta kinachoungua ni bodi. Pia kama uko D1, yaani tarifa ya umeme ya bei nafuu kwa watumiaji wadogo, mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. AC ya usiku kucha itakutoa humo.

Nzuguni_B: Kapanga huyo. Tundu la mil 65 ukutani, mwenye nyumba ameridhia?

Mtumba_Kwetu: Ndiyo maana nasema feni ya maji. Ukihama unaibeba.

FundiBaridi: AC nayo inahama. Unafungia gesi kwenye boksi la nje, unakata, unaondoka. Tundu zibeni kwa saruji. Ukikubaliwa, litoboe likiinamia nje kidogo, maji yasirudi ndani. Na filta oshea bombani kila wiki mbili, vumbi letu halina msamaha.

Mama_Nkuhungu: Samahani kwa kudandia uzi. Yangu tangu Julai haidondoshi maji kabisa. Imeisha gesi?

FundiBaridi: Inapoa?

Mama_Nkuhungu: Inapoa vizuri.

FundiBaridi: Basi gesi ipo, dada. Hewa ya Julai ni kavu, hakuna maji ya kudondosha. Akija mtu kukuongezea gesi kwa sababu hiyo, mkatalie.

Kisasa_Umeme: Ilazo_Mpya, hujajibu la mwenye nyumba. Na mita ni yako peke yako au mnachangia?